Ulinzi wa NFL: anza na drafti

Ndugu yangu, nimekuelewa: timu yako ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani) inavuja nyuma, unauliza isajili wachezaji huru, yaani waliomaliza mikataba, au ijenge kwa drafti, yaani zamu za timu kuchagua chipukizi kutoka vyuoni. Mimi ningeanza na drafti. Tazama walinzi wa nyuma wa timu ya Seattle: Earl Thomas na Kam Chancellor walichaguliwa 2010, Richard Sherman 2011, na Chancellor na Sherman wote wawili walitoka raundi ya 5, wengi wakiwa wameshachaguliwa! Chipukizi mshahara wao mdogo, ndiyo maana 2013 pesa zilibaki za kuwasajili Michael Bennett na Cliff Avril, wazoefu wa kumsaka kwotabeki, mrusha mpira wa wapinzani. Februari 2014 wakaibamiza Denver 43–8 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Mchezaji huru anakuja ameiva, ila mara nyingi ni ghali na mwili huenda umeshachoka; daktari ampime goti na bega kabla hajaahidiwa pesa za uhakika. Pengo likiwa moja tu, sajili.