Kilomita ulizokosa hazirudi kwa dripu

SWALI: Habari daktari. Nina miaka 36 na kilo 70, naishi Jinja, na hii ni mara yangu ya kwanza kujiandikisha kilomita 42. Nilikuwa nakimbia kilomita 50 kwa wiki, na mbio yangu ndefu kuliko zote ni kilomita 26. Malaria ikanilaza, nikakosa wiki mbili. Sasa zimebaki wiki tatu kabla ya marathoni ya Kampala, miguu ni mizito na vilima vinanikata pumzi. Nataka Jumapili hii nikimbie kilomita 38 ili nifidie. Wenzangu kwenye kikundi wananishauri nitundikiwe dripu mbili na nichomwe sindano ya nguvu Ijumaa kabla ya mbio, kisha nimeze diclofenac, ile dawa ya maumivu, asubuhi ya mashindano. Unaonaje?

JIBU: Ndugu yangu, kilomita 38 usizikimbie, dripu usitundikiwe, diclofenac usimeze. Nitakueleza kwa nini, maana swali hili huja kila msimu wa mbio, na kila mara muulizaji ameshapewa jibu baya na mtu anayetaka kumuuzia kitu.

Nianze na kilomita 38. Mbio ndefu huichosha na kuichana misuli. Mwili hujijenga baadaye, katika siku za usingizi na chakula. Faida yake huchukua siku kumi hadi wiki tatu kuonekana, na misuli iliyochanika baada ya kilomita 35 na zaidi inaweza kuhitaji wiki mbili au zaidi kupona. Kutoka 26 kwenda 38 ni kuongeza karibu nusu kwa siku moja, tena umetoka kitandani. Hapo ndipo mfupa wa muundi hupata ufa na kano ya kisigino huvimba. Wiki hizi tatu haziwezi tena kukuongezea nguvu nyingi. Zinaweza tu kukuondolea uchovu, au kukuharibia ulichonacho.

Halafu kuna jambo ambalo hukuuliza nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na wekundu wa damu unaweza kukaa chini kwa wiki kadhaa hata kama vimelea vimeisha. Miguu mizito na pumzi kukatika kwenye vilima ambavyo zamani ulivipanda bila shida ni dalili zake. Kwa hiyo pesa ya dripu ipeleke maabara wiki hii, upime himoglobini, yaani huo wekundu wa damu, na urudie kipimo cha malaria kwa hadubini. Mwanamume akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita ana upungufu wa damu, na daktari atafute chanzo: malaria yenyewe, minyoo au ukosefu wa madini ya chuma. Ukikutwa chini ya 11, ahirisha mbio. Hakuna mazoezi yanayotibu damu pungufu.

Damu ikiwa sawa, Jumapili hii kimbia kilomita 24 hadi 26 kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kuhema. Jumapili inayofuata 18, na ile ya mwisho kabla ya mbio 12. Jumla ya wiki ishuke kutoka 40 hadi 30, na wiki ya mashindano ibaki kama 15 bila kuhesabu mbio yenyewe. Siku za kukimbia usizipunguze, wala usikimbie polepole kama kobe kila mara. Punguza urefu tu. Katikati ya wiki weka kilomita 8, nne kati ya hizo kwa mwendo utakaotumia siku ya mashindano. Wiki ya mwisho, Jumanne kilomita 6 zenye dakika moja moja za kasi mara tano, Alhamisi kilomita 5, Jumamosi dakika ishirini za kulegeza miguu. Siku kumi za mwisho usishuke milima kwa kasi, kwa sababu mteremko ndio unaochana misuli ya mbele ya mapaja, na Kampala itakupa miteremko ya kutosha. Na kwa kuwa hujawahi kuvuka 26, siku yenyewe tembea dakika moja baada ya kila dakika tisa, kuanzia mwanzo, sio baada ya kuchoka.

Sasa dripu. Lita moja ya dripu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari. Soda ya nusu lita ina takriban kiasi hicho hicho. Ile ya chumvi ina gramu 9 za chumvi kwa lita, kiasi ambacho mtu hukipata kwa urahisi katika chakula cha siku moja. Ukitundikiwa Ijumaa ukiwa mzima, sehemu kubwa ya maji hayo utakuwa umeyakojoa kabla ya Jumapili. "Sindano ya nguvu" mara nyingi ni vitamini za kundi B. Zinakupa mkojo wa njano kali na ndiyo basi. Kwa malipo hayo unakubali kutobolewa mshipa na mtu usiyemjua, na kuchomwa tako mahali ambapo sindano ikikosea inaweza kuleta jipu au kuumiza neva kubwa ya mguu. Tena kanuni za WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni, zinakataza dripu inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12, isipokuwa kwa matibabu halali ya hospitali au kwa kibali. Wanaouza vitu hivi hupenda kutaja mashujaa wetu. Mganda mwenzetu Stephen Kiprotich alipochukua dhahabu ya marathoni ya Olimpiki London mwaka 2012 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, nyuma yake kulikuwa na miaka ya mazoezi. Muuza dripu hana miaka ya kukuuzia.

Katika ulivyoshauriwa na wenzako, diclofenac ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote, kwa sababu inapatikana duka lolote la dawa na watu huibeba mfukoni kama peremende. Ukikimbia saa nne au tano juani, damu nyingi huenda kwenye misuli na ngozi, na figo hubaki na kidogo. Figo hujiokoa kwa kemikali zinazopanua mishipa yake. Diclofenac na ibuprofen huzuia kemikali hizo hizo. Ongeza upungufu wa maji, figo zinaweza kusimama kazi. Dawa hizi pia hukwaruza tumbo na huficha maumivu ambayo yangekuambia usimame.

Chakula chenyewe ni rahisi. Siku mbili za mwisho lenga gramu 8 za wanga kwa kila kilo ya uzito, yaani kama 560 kwa siku kwako: matooke, wali, posho, mkate, ndizi mbivu. Maharage, sukuma wiki na mchuzi mzito wa karanga vipunguze kuanzia Jumamosi, tumbo lisikusumbue. Njiani unahitaji gramu 30 hadi 60 za sukari kwa saa. Gramu 40 za unga wa glukosi katika nusu lita ya maji, na chumvi kidogo, zinatosha kwa saa moja. Kijaribu kinywaji hicho Jumapili hii. Kunywa kwa kiu. Anayejilazimisha maji matupu kila kituo anaweza kushusha chumvi ya damu hadi akachanganyikiwa na kutapika, na wasiojua humtundikia dripu nyingine.

Kwa wanaoongoza vikundi vya kukimbia: mkimpeleka mwenzenu kliniki ya mtaani achomwe sindano ili amalize mbio, mmebeba jukumu la mwili wake. Mwenye homa wiki ya mashindano hakimbii. Mwenye maumivu ya mfupa sehemu moja, yanayozidi akiruka kwa mguu mmoja, hakimbii. Mwenye maumivu ya kifua njiani anasimama hapo hapo. Na baada ya mbio, mkojo ukiwa wa kahawia kama chai ya rangi au usipotoka kwa saa nyingi, aende hospitali yenye maabara ya kupima figo siku hiyo hiyo, bila kumeza kidonge chochote cha maumivu, na amwambie daktari kila dawa aliyotumia wiki nzima.