Ukitaka kujifunza chai ya Kijapani mtandaoni, anza na maji

Darasa la chai la mtandaoni lisilokutaka uwe na birika la maji ya moto mbele yako, usililipie. Yako mengi ya namna hiyo. Unatoa hela yako, unaingia, unaonyeshwa mashamba ya Shizuoka na Mlima Fuji kwa nyuma, unasimuliwa habari za mtawa Eisai aliyerejea kutoka China mwaka 1191 na mbegu za chai, kisha mnapungiana mikono mnaagana. Historia hiyo naipenda, lakini video za bure zinaitosheleza. Cha kulipia ni mtu anayekutazama ukimimina.

Mimi nimesoma na mama mmoja anayefundisha akiwa jikoni kwake Kyoto, darasa la watu wachache, kwa Kiingereza chepesi tunachokimudu hata sisi wa Tanga. Kilichonivuta kwake ni kamera mbili: moja ya uso, ya pili imefungwa juu ya meza ikitazama mikono. Uliza hilo kabla hujalipa popote. Mambo mengi ya chai hii yamo kwenye kifundo cha mkono, na mwalimu anayeonekana kichwa na mabega tu utamsikia sana na kujifunza kidogo. Uliza pia kama mtakunywa majani ya aina moja. Walimu wengine hutuma kifurushi kwa posta, wengine hukuelekeza cha kununua. Vyovyote iwavyo, siku ya somo wote muwe mnaonja kitu kimoja, la sivyo mwalimu atasema "sikilizeni ule utamu wa mwisho" na wewe kikombeni mwako haumo. Mzigo wangu ulipitia kwa binamu yangu aliyeko Muscat, akaja nao likizo. Wenye ndugu nje watumieni. Posta haijui tarehe ya darasa lako.

Kinachowachanganya wengi ni saa. Japani wametutangulia saa sita. Tangazo likisema 16:00 za Japani, toa sita, simu yako itasoma 10:00. Toa sita nyingine, umepata saa nne asubuhi, saa ya Kiswahili. Darasa la asubuhi yao, 10:00, kwetu ni saa kumi alfajiri, na hilo tuwaachie wenye moyo. Yanayofaa ni yanayoanza kati ya 15:00 na 20:00 za kwao. Mwezi wa Ramadhani niliomba rekodi nikafanya mazoezi baada ya tarawehe, na mwalimu hakuona taabu yoyote. Usingizi ndio ulioona taabu, kwa sababu chai ya kijani ina kafeini ya kutosha na watu wengi hudhani haina.

Sasa maji, maana ndiyo kozi yenyewe.

Mmea ni uleule unaouona ukipandisha Usambara, Camellia sinensis. Tofauti inaanzia kiwandani. Majani ya chai yetu husagwa na kuachwa yapigwe na hewa mpaka yageuke rangi. Wajapani huyapitisha kwenye mvuke mara tu yanapochumwa ili yabaki kijani, kisha huyaviringisha na kuyakausha. Namna hiyo ya kutengeneza sencha, chai ya kijani ya kila siku ya Wajapani, sifa yake hupewa Nagatani Soen, mkulima wa upande wa Uji karibu na Kyoto, mwaka 1738. Jani lililotengenezwa hivyo halitaki maji yanayotokota. Utamu wake, unaotokana na kitu kiitwacho theanini, hutoka hata maji yakiwa ya vuguvugu. Uchungu na ukakasi, ambao ni wa katekini, hutoka kwa wingi maji yakiwa ya moto sana. Kwa hiyo mwenye birika ndiye anayeamua chai itakuwa na ladha gani, na anaamua kwa joto.

Sencha hutaka nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Gyokuro, ambayo mashamba yake hufunikwa kivuli kwa siku kama 20 kabla ya kuchuma, hutaka 50 hadi 60. Hojicha, iliyokaangwa ikawa hudhurungi, na genmaicha, iliyochanganywa na mchele uliokaangwa, hizo mimina maji yanayochemka bila wasiwasi. Kipimajoto si lazima. Chemsha, mimina kwenye kikombe kitupu, toka kikombe hicho mimina kwenye kingine. Kila unapohamisha maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine yanapoteza nyuzi 10 hivi. Mara mbili umefika 80, mara tatu umefika 70, na vikombe vyako vimepata moto njiani. Hesabu hiyo ni ya sisi tulio usawa wa bahari. Mwenzetu mmoja wa darasani alikuwa Nairobi, na kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 tu, kwa hiyo yeye akihamisha mara mbili alikuwa ameshakaribia 70.

Kwa watu wawili chukua gramu 5 za majani, maji mililita 180 au pungufu kidogo. Watakaoshangaa ni wale waliozoea kikombe kikubwa cha chai ya maziwa: hivi ni vikombe vya kushika kwa vidole, na chai ni nzito. Funika, subiri dakika moja, usikoroge, usitikise birika. Birika lenyewe huitwa kyusu, na mkono wake hutokea ubavuni badala ya nyuma. Unalishika kwa mkono mmoja, kidole gumba juu ya kifuniko, unageuza kifundo na chai inashuka. Mji wa Tokoname unasifika kwa kuzifinyanga kwa udongo mwekundu. Kama huna, kijagi kidogo na chujio la nyavu ndogo vinafanya kazi ileile; usichelewe kujiandikisha kwa sababu ya birika.

Kumimina kuna utaratibu, na hapo ndipo kamera ya pili ilipolipa. Hujazi kikombe cha kwanza ukahamia cha pili. Unaweka kidogo hapa, kidogo pale, unarudi kinyume, ili vyote viwe na uzito sawa, kwa sababu chai ya mwanzo wa birika ni nyepesi na ya mwisho ni nzito. Halafu unabaki umeinamisha birika. Mwalimu wetu alitusubirisha pale huku skrini ikiwa kimya, mpaka tone la mwisho lidondoke. Tone hilo ndilo lenye ladha zaidi ya yote, na maji yakibaki ndani yataendelea kuyapika majani na kuiharibu duru ya pili. Nilipoinua birika mapema kidogo aliniita jina, akanyoosha kidole kwenye kamera: bado. Duru ya pili maji yawe moto zaidi na uimimine karibu papo hapo, sekunde 10 au 15. Ya tatu pia ipo, na wengi wetu darasani tuliipenda kuliko ya kwanza, kwa sababu ina uchungu tuliouzoea.

Majani ya gyokuro hayatupwi. Baada ya duru ya mwisho yanakuwa laini kama mchicha, na Wajapani huyala na tone la sosi ya soya au ya machungwa. Mimi niliyatia ndimu na chumvi.

Ladha yenyewe uiendee ukijua unachokwenda kukuta. Chai hizi, hasa za kivulini, zina harufu ya mwani. Kwa mtu wa pwani, ambako akina mama huanika mwani juani, hilo halifichiki, na mmoja wa nyumbani kwangu alinusa kikombe akauliza nani amechemsha pweza. Ni kawaida, na hiyo harufu ndiyo wenyewe wanayoitafuta. Sukari je? Niliuliza, maana nilijua mama yangu angeniuliza. Mwalimu alisema chai ya moto ya majani hawaitii, lakini hakuona kosa mtu kuanza nayo nyumbani kwake. Akaongeza kuwa hata Japani vijana wengi hununua chai ya chupa kwenye mashine za barabarani na kuna nyumba zisizo na kyusu kabisa, kwa hiyo tusijione wageni kupita kiasi.

Ushauri wangu mwingine utawaudhi waliovutiwa na picha: usianze na matcha. Matcha ni majani ya kivulini yaliyosagwa kwa jiwe polepole, jiwe moja likitoa kama gramu 40 tu kwa saa, na tangu 2024 dunia nzima inaigombania kiasi kwamba baadhi ya maduka ya Kyoto yalimwekea mteja ukomo wa makopo. Unaponunua ya bei nafuu mtandaoni mara nyingi unapata unga wa rangi ya jani kavu, unaofaa keki. Na matcha inadai vyombo: bakuli pana, kijiko cha mwanzi, na chasen, mchapio wa kupigia povu uliochongwa kwa kipande kimoja cha mwanzi. Ukifika wakati wake, chekecha gramu 2, tia mililita 70 za maji ya nyuzi 80, loweka chasen kwanza kwenye maji moto ili nyuzi zake zisikatike, kisha piga kwa kifundo cha mkono mbele na nyuma haraka. Usizungushe. Usioshe kwa sabuni.

Kitamu huliwa kabla ya kunywa matcha, kikamalizika, ndipo bakuli linaletwa. Wao wana vitamu vyao vya maharage, sisi kashata ipo na imeshazoea kukaa karibu na kahawa chungu. Inafaa sana, ile ya nazi kuliko ya karanga.

Kuhusu sherehe ya chai yenyewe, chanoyu, niseme kweli: mtandao hauna uwezo wa kukupa. Inatokana na watu kama Sen no Rikyu, aliyekufa 1591 baada ya mtawala Toyotomi Hideyoshi kumwamuru ajiue, na kizazi chake kiliacha shule tatu ambazo hadi leo zinafundisha. Watu huisomea miaka. Kwenye skrini utaona mpangilio na utajifunza namna ya kuwa mgeni: unapokea bakuli, unaliweka kwenye kiganja cha kushoto, unalizungusha kidogo ili usinywee upande wake wa mbele, na funda la mwisho unalivuta kwa sauti. Hata povu lina mwenyewe. Shule ya Urasenke hulipiga mpaka lifunike chai yote, ya Omotesenke huacha sehemu wazi. Lakini chumba cha mikeka, kupiga magoti mpaka miguu ife ganzi, mgeni wa kwanza kuwasemea wenzake, hayo yanataka uwepo. Ukibahatika kufika, utajua ukae wapi. Mtandaoni jifunze chai ya kila siku.

Ukishaanza, nunua kidogo kidogo, gramu 50 zinatosha, na utazame tarehe. Mavuno yanayotafutwa ni ya kwanza ya mwaka, yanayoanza majira ya kuchipua. Wajapani huhesabu usiku wa 88 tangu mwanzo wa majira hayo kwa kalenda ya zamani, ambao huangukia mwanzoni mwa Mei. Pakiti ikifunguliwa, imalize ndani ya mwezi. Usiiweke kabati moja na iliki, karafuu na dawa ya mbu, jani hili hunyonya kila harufu. Maji ya kisima yenye chumvi yataiua chai ya bei yoyote. Tumia ya chupa yenye madini kidogo. Wale wanaokuuzia chai ya kijani ya kukata tumbo waache wapite. Na kama una mimba au damu yako iko chini, kaa nayo mbali na mlo, kwa sababu chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage.

Joto la Januari likizidi, achana na birika. Gramu 10 za sencha kwenye lita moja ya maji baridi, ndani ya friji kwa muda wa saa tatu au nne, chuja. Inatoka tamu bila uchungu, na wageni wanaokataa ya moto huiomba tena. Na ile sencha iliyobaki mpaka ikapoteza harufu, usiitupe. Itie kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukitikisa tu, mpaka igeuke hudhurungi na jikoni kunukie. Hiyo sasa ni hojicha. Mimina maji yanayotokota, hesabu nusu dakika, na watoto pia wanaweza kuinywa.