Logi za seva: anza kwa kusoma zilizopo

Vijana wanaojifunza kazi hii hapa Mwanza huniuliza namna ya kuweka logi, yaani kumbukumbu za maombi yanayoifikia seva ya tovuti, na mara nyingi tayari wanazo. Ukishasakinisha Nginx (programu ya seva inayotoa kurasa za tovuti) kwenye mfumo wa Ubuntu, inaanza yenyewe kuandika kila ombi linaloingia. Kabla hujalipia huduma ya kuhesabu wageni, ingia kwenye seva uandike:

sudo tail -f /var/log/nginx/access.log

(Wanaotumia Apache, seva nyingine ya namna hiyo, angalia ndani ya /var/log/apache2.) Sasa fungua tovuti yako kwa simu. Utaona mistari ya namna hii ikishuka:

203.0.113.25 - - [14/Mar/2025:03:12:41 +0000] "GET /bei-ya-dagaa HTTP/1.1" 200 5120 "https://www.google.com/" "Mozilla/5.0 ..."

Kwanza ni anwani ya IP, kisha muda, ukurasa ulioombwa, 200 kumaanisha umepatikana, ukubwa wa jibu kwa baiti, alikotokea mgeni, na kivinjari chake.

Hapo kwenye muda ndipo wengi wanapotea. Ile +0000 ni saa za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Kwetu ilikuwa 06:12, yaani saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi. Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba akikuuliza wateja wake wanaingia saa ngapi, ukaisoma 03:12 ilivyo na kumjibu "saa tatu usiku", umempoteza kabisa. Mwenye seva nchi kadhaa abaki na UTC. Wewe mwenye mteja mmoja Kirumba andika sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, kisha uwashe Nginx upya.

Jambo la pili, usimwambie mteja kwamba IP mia ni watu mia. Mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mtu mmoja akitoka kwenye bando akaingia Wi-Fi ya ofisini anaonekana wawili. Isitoshe, sehemu kubwa ya mistari hiyo ni roboti. Utakuta wanatafuta /wp-login.php, ukurasa wa kuingilia WordPress (programu ya kujengea tovuti), wakati hata WordPress huna. Wakipata 404, yaani ukurasa haupo, waache wahangaike. Ila ukiona /.env imejibiwa 200, acha chai hapo hapo: faili hilo kwa kawaida ndimo zinamokaa nywila za hifadhidata. Lifunge, halafu badilisha nywila zote.

Kitu ambacho mimi huongeza kila mara ni muda wa kujibu, kwa sababu logi ya kawaida haiuonyeshi. Kwenye /etc/nginx/nginx.conf, ndani ya http:

log_format muda '$remote_addr [$time_local] "$request" $status $body_bytes_sent "$http_referer" "$http_user_agent" $request_time $upstream_response_time';
access_log /var/log/nginx/access.log muda;

Badilisha mstari wa access_log uliopo. Ukiongeza wa pili, kila ombi litaandikwa mara mbili. Jaribu kwa sudo nginx -t, kisha sudo systemctl reload nginx.

Namba mbili za mwisho ni sekunde. Ya kwanza ni muda wote wa ombi, ya pili ni muda ambao programu yako iliyo nyuma ya Nginx ilitumia kujibu. Zote zikiwa kubwa, programu ndiyo nzito, usisingizie mtandao. Ya kwanza ikiwa kubwa na ya pili ndogo, hasa kwenye kurasa nzito, huenda mteja yuko Ukerewe na mtandao unasuasua. Punguza ukubwa wa ukurasa. Ukiona 499 nyingi, watu wanakata kabla hawajajibiwa.

Diski nayo. Kwenye Ubuntu, programu ya logrotate inazungusha faili za /var/log/nginx kila siku (inaanza faili jipya na kuweka kando la zamani) na kubakiza 14. Ukipeleka logi folda nyingine, haitazigusa mpaka uiambie, na diski ikijaa hifadhidata inaacha kuandika. Pitisha sudo du -sh /var/log mara moja moja.

Mwisho, fomu zako. Fomu ya GET inaweka namba ya simu ya mteja kwenye anwani ya ukurasa, na anwani hiyo inaingia kwenye logi nzima nzima. Tumia POST, inayopeleka taarifa ndani ya ombi badala ya kwenye anwani. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na faili la logi lenye namba za watu si la kumtumia fundi mwenzako WhatsApp akusaidie kulisoma.