Uliza Tukujibu: Bibi Titi wa barabarani, kweli alifungwa?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi kila siku napita pale kona ya chuo cha DIT, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Shuleni tulifundishwa ni mama aliyepigania uhuru na Mwalimu, basi. Sasa juzi tukiwa tunakula bibi yangu akasema "huyo si alifungwa, walisema anataka kumpindua Nyerere", mjomba akamkatiza fasta akaanza habari za Simba na Yanga. Bibi kachanganya mambo au? Na kama ni kweli, mbona barabara ina jina lake?
— Msomaji, Dar

JIBU: Marahaba. Bibi yako hajachanganya kitu. Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa pamoja na waziri wa zamani Michael Kamaliza na wanajeshi kadhaa, wakashtakiwa uhaini, eti walipanga kuipindua serikali, na aliyetajwa kuwa kinara ni Oscar Kambona, waziri wa zamani wa mambo ya nje, ambaye muda huo yuko zake London. Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Potlako Leballo wa PAC, wale wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa wamehifadhiwa hapa kwetu. Kesi ikaenda 1970, mama wa watu akala kifungo cha maisha. Mwenyewe alikana na aliendelea kukana. 1972 Mwalimu akamsamehe akatoka, ila alipotoka ndoa imeshavunjika na wale waliokuwa wanajazana sebuleni kwake hawaonekani.

Lakini ufa ulianza kabla ya hapo bwana. 1965 alishindwa ubunge Rufiji, halafu 1967 likaja Azimio la Arusha, kiongozi marufuku kuwa na nyumba ya kupangisha, na yeye nyumba anazo na kodi anakula, akaona isiwe tabu akajiuzulu Kamati Kuu ya TANU, chama kilichodai uhuru. Hapo ndo utaelewa kwa nini watu wazima wanajiumauma ukimtaja, sio kesi tu, ni kwamba alimwambia Mwalimu hapana wakati wengine wanapiga makofi.

Barabara sasa. Miaka ikapita kimya, vitabuni kapungua mpaka kabaki jina, halafu 1991 nchi inasherehekea miaka 30 ya uhuru gazeti la chama tawala likamwandika kuwa shujaa, kama vile hakuna kilichotokea katikati. Alifariki Novemba 2000 Johannesburg. Kwa hiyo alihukumiwa na akaenziwa, barabara ikiwemo, vyote viwili, na nchi ileile.

Ila mimi binafsi kinachoniudhi sio kufichwa kwa jela, ni kufichwa kwa ngoma. Kabla ya siasa huyu alikuwa mwimbaji, kiongozi wa kikundi cha ngoma kinaitwa Bomba hapahapa Dar, na hilo vitabu vya shule vinaliruka kama aibu fulani hivi. Wakati ndo siri yenyewe ya kazi aliyofanya! 1955 alikuja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza TANU mbona wanawake siwaoni, wazee wakaanza kutazamana maana wake zao wako ndani, ikabidi aitwe Titi, kadi namba 16. Akafanyaje? Hakwenda kuhutubia mtu, aliwafuata viongozi wa ngoma mitaani, wale wenye vikundi vyao vya kina mama, kila mmoja akaja na watu wake, wauza vitumbua, wapika pombe, wasiojua kusoma kama hao, na ndani ya miezi michache wanawake 5,000 hivi wana kadi. Wasomi wenye suti hawakuwa na huo mtandao, na Mwalimu alikuwa mgeni mjini, katokea Butiama kupitia Edinburgh, atawajulia wapi kina mama wa Kariakoo wanaokesha ngomani?