Kitasa cha kuchimbia kwenye mlango wa duka

Dada, umesema fundi ameshachimba mlango wako wa mninga hapo Tabora, kitasa kimeingia, lakini mlango ukifungwa ufunguo unakwama nusu. Usiulazimishe, utavunjikia ndani.

Kwanza zungusha ufunguo mlango ukiwa wazi. Ukizunguka vizuri, kitasa ni kizima. Kasoro iko kwenye fremu. Paka chaki ncha ya ulimi, yaani kile chuma kinachotoka kitasani ufunguo ukizungushwa, funga mlango, zungusha ufunguo mpaka ulimi uguse fremu, urudishe, kisha ufungue uone alama imeangukia wapi. Mara nyingi utakuta tundu la fremu limepanda au kushuka milimita mbili tatu, au halina kina cha kutosha. Lipanuliwe kwa patasi kali, kidogo kidogo, na bati la fremu linalozunguka tundu hilo lisogezwe.

Ufunguo ukikwama hata mlango ukiwa wazi, legeza skrubu za kitasa. Kikilainika, basi shimo ni jembamba na linakibana. Kitolewe, kuta zichongwe. Fundi asikigonge kwa nyundo, nakuomba sana.

Mninga ni mgumu: kila skrubu itobolewe njia kwanza kwa keekee na ipakwe sabuni, la sivyo kichwa kitakatika.