Kuizoea mashine ya CPAP

Ndugu, umeeleza kwamba tangu upewe mashine ya CPAP (inayosukuma hewa kupitia barakoa ya usoni ili njia ya pumzi isizibe) kwa tatizo la kukatika pumzi usingizini, kila usiku unaivua barakoa bila kujitambua, na asubuhi mdomo umekauka. Wiki za mwanzo huwasumbua wengi. Ivae barakoa mchana ukiwa macho, mashine ikiwa imewashwa, hata kwa nusu saa, hadi uzoee hewa inayosukumwa. Mikanda uirekebishe ukiwa umelala, si umeketi, kwani uso hubadilika mkao. Wala usiikaze mno, maana alama nyekundu puani ni dalili kwamba umepitiliza. Mdomo hukauka hewa inapovujia hapo, hivyo ongeza unyevu kwenye mashine, na ikishindikana, omba barakoa inayofunika pua na mdomo. Kiwango cha mgandamizo wa hewa mwachie daktari.