Uliza bei kabla hujakaa: kokteli za Masaki, dawa ya Nairobi na ukwaju wa Kariakoo

Jumapili usiku nimefungua inboksi nikakuta meseji ya msomaji wangu mmoja. Kaanza na shikamoo dada, akaniambia yeye na mumewe wanatimiza miaka mitano ya ndoa Ijumaa ijayo, kajibana kaweka laki na nusu pembeni, anataka watoke auti sehemu nzuri wanywe kokteli kama zile ninazoposti, ila anaogopa kuaibika mbele ya mume. Marahaba mdogo wangu. Nilimjibu palepale kwa ufupi lakini usingizi haukuja, maana hilo la kuaibika nalijua vizuri mno, na sijawahi kulisimulia hapa hata siku moja. Leo nalisimulia.

Nilikuwa natimiza miaka 30. Nilikuwa nimepandishwa cheo kazini, najiona nimefika, nikasema bethdei hii sifanyii nyumbani, nikawaalika watu saba kwenye mgahawa mmoja Masaki, jina silitaji na halina maana. Pazuri kwelikweli, upepo wa bahari unakupiga usoni, taa ndogondogo zimening'inizwa kwenye miti, muziki wa taratibu. Nilikuwa na laki tano kwenye pochi na kichwani nimepiga hesabu kwamba inatosha na chenji inabaki, sasa hiyo hesabu nilipiga kwa kuangalia picha tu Instagram, sikumpigia mtu simu kuuliza bei, sikuomba menyu mapema, niliona kuuliza bei ni ushamba.

Kokteli ya kwanza ilipokuja wote tulitoa simu. Glasi inafuka moshi, juu kuna kipande cha chungwa kilichokaushwa, pembeni majani ya mnanaa. Tamu, siwezi kudanganya, ilikuwa tamu. Tukaagiza tena na tena. Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye chuo, akamwita mhudumu akaagizia meza nzima vitafunio vya kuanzia bila kumuuliza mtu, nikakaa kimya kwa sababu ni siku yangu na sikutaka kuonekana nahesabu vitu.

Bili ililetwa ndani ya kisanduku kidogo cha mbao, imekunjwa mara mbili, mshumaa unawaka pembeni yake. Naikumbuka mpaka leo. Kokteli 19 kwa 22,000 kila moja, hiyo ni 418,000. Vyakula sahani nane 280,000. Vitafunio 54,000. Jumla 752,000, halafu chini yake mstari ambao sikuutegemea kabisa, VAT asilimia 18, shilingi 135,360. Nenda rudi inakuja 887,360. Nikafungua menyu upya, na kweli ukurasa wa mwisho chini kabisa kwa maandishi madogo wameandika kwamba bei hazijumuishi kodi. Kosa halikuwa lao peke yao, sikusoma.

Meza ikanyamaza. Mmoja kaenda chooni hakurudi mpaka mambo yameisha. Wawili wakasema hawakuja na hela. Yule wa chuo, aliyeagiza vitafunio, akaniangalia usoni akasema, "Si ulituita wewe?" Akachukua pochi yake akaenda kusubiri usafiri nje. Ilibidi nitoke pembeni, karibu na matenki ya maji, nimpigie kaka yangu saa tano usiku anitumie laki nne kwa M-Pesa, na kaka hakuuliza swali hata moja, alituma tu. Nimemlipa kwa miezi minne. Yule rafiki hajawahi kuligusia lile jambo, na mimi sijamuuliza, ila toka siku ile hatuongei kama zamani na bado inaniuma, kwa nini nidanganye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu, na wa pili ni huuhuu: uliza bei. Piga simu kabla, omba wakutumie menyu WhatsApp, migahawa karibu yote siku hizi wanatuma. Uliza kama VAT imo ndani au inaongezwa mwisho. Uliza kama kuna sevisi chaji. Ukifika uliza tena. Na kama umealika watu, sema mapema unalipia nini, mfano "chakula juu yangu, vinywaji kila mtu ajitegemee", liandike kwenye grupu siku tatu kabla, watakaonuna wanune wakiwa kwao. Na ukishalipa chukua risiti ya EFD, ile kauli ya TRA ya ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti siyo wimbo, risiti ndiyo inakuonyesha hiyo kodi uliyokatwa ni kodi kweli.

Baada ya pale nilikaa karibu mwaka sitoki. Nikipita Masaki naangalia upande wa pili. Kilichonirudisha ni safari ya kikazi Nairobi, wenzangu wakanipeleka Carnivore, ule mgahawa wa nyama choma wa Langata uliopo toka 1980. Nilikuwa nimeshajiapiza siingii popote bila kuuliza, nikauliza mlangoni, nikaambiwa bei ya mlo ni moja, unakula mpaka ushindwe. Mezani kuna kibendera cheupe, kikiwa kimesimama wanaleta nyama, wanakukatia kutoka kwenye mshikaki mrefu kama upanga, ukikilaza ndiyo umesalimu amri wanaacha. Jamani, nilikula kwa amani! Najua ninachodaiwa toka nimekaa.

Halafu akapita yule mhudumu wa dawa. Dawa ni kokteli yao maarufu, vodka, ndimu, sukari, asali na barafu, na anakuchanganyia palepale mezani unaona. Kijiti kinazungushwa kwenye asali mpaka inashika nene, kinatumbukizwa kwenye glasi, halafu wewe mwenyewe unaponda zile ndimu chini kwa kijiti na asali inaachia kidogokidogo, ukitaka tamu unakoroga sana, ukitaka kali unakiacha kitulie. Nilishika kile kijiti nikawa nakoroga huku nawaza, kumbe ni hivi tu? Ndimu, asali, sukari, barafu. Vitu vyote hivi viko jikoni kwa mama yangu.

Hapo ndipo nilipobadilika. Toka siku hiyo nikiwa auti nauliza swali moja kabla sijaagiza, hiki naweza kukifanya nyumbani? Kama ndiyo, siagizi. Nalipia kile ambacho siwezi, mahali penyewe, upepo, samaki mzima aliyechomwa na mtu anayejua moto, kokteli moja ya kitu ambacho mimi sina. Mojito ya 22,000 silipi tena, mojito ni ramu, ndimu, sukari, mnanaa na soda, na mnanaa nimeupanda kwenye ndoo dirishani.

Sasa tuje kwenye manunuzi maana huko ndiko moyo wangu uliko. Ndimu nunua sokoni asubuhi, zile ndogo zenye ganda jembamba ndizo zina maji, ukiibonyeza inabonyea kidogo. Na tafadhali usichanganye ndimu na limao, kokteli nyingi hizi zinataka ndimu. Nanasi tafuta la Kiwangwa, chungwa la Muheza. Asali mimi nasubiri Sabasaba kila mwaka, pale maonyeshoni barabara ya Kilwa wanakuja wafuga nyuki na asali ya Tabora, nanunua lita tano zinanifikisha mbali. Asali haiyeyuki kwenye kitu cha baridi, itakaa chini ya glasi kama gundi, kwa hiyo changanya kwanza na maji ya uvuguvugu nusu kwa nusu, ipoe, ndiyo utumie. Sukari vilevile, pika shira, kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, tupia tangawizi iliyopondwa na kijiti cha mdalasini, iweke friji.

Kitu kingine watu wanakidharau ni divai ya Dodoma. Wenzetu wananunua chupa ya kutoka nje kwa bei ya mara tatu wakati zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka palepale Dodoma. Chukua divai nyekundu ya Dodoma, katia machungwa, nanasi, mdalasini, iache friji usiku mzima, mimina na soda. Wahispania wanaita sangria wanajivunia. Sisi je?

Lakini mapenzi yangu ni ukwaju. Nina mama mmoja Kariakoo, toka soko kuu liungue Julai 2021 alihamishia biashara yake mtaani na mimi nikamfuata hukohuko. Siku ya kwanza nilichagua ukwaju mweusi nikidhani ndiyo umekolea, akaunyang'anya mkononi mwangu, "Mwanangu, huo wa zamani, chukua huu wa kahawia unaonata." Hajawahi kunikosea. Robo kilo kwa lita moja ya maji ya moto kiasi, loweka nusu saa, kamua kwa mkono, chuja. Ukiwa unakamua utasikia mbegu zinateleza katikati ya vidole na ule utomvu unabaki mzito, ukiona bado ni mwepisi hujakamua.

Kwenye glasi weka barafu mpaka juu, Konyagi mililita 50, juisi ya ukwaju 60, shira ya tangawizi 20, kamulia nusu ndimu, malizia na Stoney Tangawizi. Mdomo wa glasi upake ndimu uchovye kwenye chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga kidogo. Nasema mililita na simaanishi kukadiria kwa jicho, nunua kipimo, ndicho kinachotofautisha kokteli na pombe iliyotiwa juisi. Konyagi ina kilevi asilimia 35, ukimimina kwa mkono wa huruma wageni wako watalala sebuleni.

Pombe kali usinunue kichochoroni kwa sababu ni rahisi. Angalia stempu ya TRA kwenye kizibo, ipo programu ya Hakiki Stempu, unaiskani palepale dukani kabla hujatoa hela. Pombe feki inaweza kuwa na methanoli na methanoli inapofusha macho, haichagui msomi wala mlevi. Na barafu, nawaomba sana, nunua ile ya mfuko iliyotengenezwa kwa ajili ya kunywa. Yale mapande makubwa ya soko la Feri ni ya kulazia samaki, nimeona kwa macho yangu mtu anayavunja kwa nyundo kwa ajili ya shughuli.

Jumamosi iliyopita ilikuwa kitchen pati ya mdogo wangu. Kamati ilishapata mtu wa kuhudumia kokteli, bei aliyotaja ikanipa kizunguzungu, nikasimama kwenye kikao nikasema niachieni mimi. Mama wadogo wakaangaliana. Chupa tatu za Konyagi za mililita 750, maana chupa moja inatoa glasi 15, ukwaju, kreti ya Stoney, ndimu, barafu mifuko mitano, vyote haikufika laki na nusu, kwa wanawake 40. Wasiokunywa pombe niliwatengenezea hiyohiyo bila Konyagi na glasi ilikuwa ileile, chumvi ileile mdomoni, hakuna aliyekaa na soda ya chupa kama mtoto aliyeletwa shughulini. Hilo ni muhimu kwangu, asiyekunywa naye ni mgeni. Saa mbili usiku mama yetu mkubwa, mtu ambaye hajawahi kunisifia toka nizaliwe, alikuja mpaka kwenye meza yangu na glasi tupu akasema, "Hebu nipe tena ule ukwaju wako." Ndoo ilikuwa imeisha. Nilifurahi nusura nilie.

Wanawake wenzangu, kuuliza bei siyo umaskini. Kukaa umenyooka huku roho inadunda unasubiri bili ndiyo mateso. Mwanaume anayekudharau kwa sababu umesoma menyu upande wa kulia, na rafiki anayeagiza kwa mfuko wako, hao wote kokteli inakuonyesha mapema tu. Uliza bei. Mungu hajakupa mdomo wa kunywea peke yake.

Sasa mdogo wangu wa laki na nusu, hesabu yako nimekupigia hivi. Kokteli moja moja kwa 22,000 ni 44,000. Chakula sahani mbili za 35,000 ni 70,000. Hiyo 114,000, VAT ikiongezwa 20,520 unafika 134,520. Unabaki na 15,480, ndiyo bajaji ya kurudi, na msiendeshe. Kwa hiyo kokteli ya pili haimo, wala usiilazimishe. Ya kwanza mnywee nyumbani kabla hamjatoka, saa kumi na moja jioni, watoto wapeleke kwa bibi yao, kaeni barazani, mtengenezee ya ukwaju kwa mikono yako. Mkifika mgahawani hamna kiu ya kukurupuka, mnakunywa moja taratibu mnaangalia bahari.

Jana usiku kanitumia picha. Bakuli la bluu, ukwaju wa kahawia umelowekwa, na swali chini yake, dada, mbegu nizitoe kwanza? Nimemwambia hapana, kamua nazo hivyohivyo, zinatoka zenyewe.